Anwani ya Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na ilipofika saa nne na robo ndoo ilikuwa tayari chini ya dari la ofisi. Tuko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi hupanda ngazi pamoja nasi. Daftari hili nimelinunua kwa sababu mke wangu amechoka kusikia habari za kazi yangu. "Liambie daftari," kasema, "mimi nina magauni sita ya kumaliza." Yeye ni fundi cherehani na hapendi mtu anayembwabwajia wakati anapima.

Haya, daftari, kazi yangu ni hii. Tunatunga itifaki, yaani kanuni za namna simu na kompyuta zinavyotumiana ujumbe. Ni kanuni za wazi. Mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzikosoa, na kutengeneza programu yake kwa kuzifuata bila kutupigia hodi. Tuko watatu ofisini: mimi, Msanifu ambaye ndiye mkubwa wetu, na binti tunayemwita Mvunjaji, maana analipwa kuvunja kila tunachojenga.

Fungu langu ni vikundi. Watu mia wakiwa kwenye chumba kimoja cha maongezi, kila mmoja ana anwani gani, na ujumbe wa faragha, wa kwake peke yake, unamfikiaje? Hilo nililimaliza Januari: jina la kikundi, mkwaju, yaani alama hii /, halafu jina ambalo mtu amejichagulia. Basi. Mstari mmoja tu. Niliupenda kama mtu anavyoipenda picha yake mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Msanifu amelirudia swali lake la Januari. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, anachora kila kitu kwa penseli kabla hajagusa kompyuta, na akifikiri huwa anafuta miwani hata kama haina vumbi.

"Mtu akitoka kikundini," kasema, "akaingia mwingine akajiita jina lile lile, ujumbe wa yule wa kwanza unakwenda kwa nani?"

"Kwa aliyepo."

"Na yule aliyetoka?"

"Si ametoka, mama?"

Mvunjaji akacheka. Msanifu hakucheka wala hakununa, akarudi kwenye penseli yake. Kabla ya kazi hii alichambua barua posta kwa miaka kumi na tisa, na mimi naona bado kila kitu kwake ni bahasha. Januari tulipiga kura, mimi na Mvunjaji upande mmoja, yeye peke yake upande wa pili. Tukamshinda, naye akatia sahihi kama sisi. Sasa anataka nini tena? Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba mama huyu ni mzito kama gunia lililolowa.

"Mzito au makini?" kauliza, pini mdomoni.

Alhamisi, 13 Machi

Mtandao umekatika mara tatu kwa mvua hii. Kila ukikatika, walio kwenye vikundi hutupwa nje, ukirudi wanaingia upya mmoja mmoja.

Shangazi kanipigia analalamika. Huyu ni dada yake baba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, na mpaka leo akiniita huwa naangalia kwanza kama nimevaa viatu. Moyo wake unapiga bila mpangilio, kwa hiyo yuko kwenye kikundi cha wagonjwa wa kliniki, ambako muuguzi hujibu maswali yao. Programu ya kliniki inafuata kanuni zetu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza. Humo anajiita Bi Mkubwa.

"Asubuhi nimeingia naambiwa jina langu lina mtu!" kasema. "Jina langu! Nani huyo kajipa ubi mkubwa?"

"Ngoja kidogo Shangazi, litaachia."

"Mchana limeachia, nikalikamata. Lakini mtu huyo hana adabu."

Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Watoto wa jirani wamekohoa siku nzima. Sina la kuandika.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi jirani yake Shangazi alinipigia. Walimkuta chini, kando ya sinki, maji bado yanamwagika. Nilipofika hospitali walishampa dawa, na mashine ilikuwa ikichora moyo wake kama mwandiko wa mtu aliye safarini. Daktari akaniuliza kwa nini ameacha vidonge vyeupe.

"Hajaacha," nikasema. "Huyu haachi kitu."

Shangazi akafumbua macho. "Nimeacha. Tangu Alhamisi. Muuguzi kaniambia."

Daktari akanitazama, na mimi nikamtazama Shangazi. "Kakwambia lini?"

"Kaniandikia. Angalia simu. Muuguzi akisema acha, mimi nani nibishe?"

Niliifungua simu nikiwa nimesimama. Ujumbe ulikuwepo, wa faragha, wa Alhamisi saa nane mchana: *Bi Mkubwa, hicho kizunguzungu ni dawa. Acha vidonge vyeupe mpaka uje nikuone wiki ijayo.*

"Shangazi, ulimwambia una kizunguzungu?"

"Mimi? Sina kizunguzungu. Nikadhani ameniona kwenye vipimo."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya korido, watu wakinivuka. Hapo niliona kila kitu kwa mpangilio, kama mtu anayesoma kazi yake mwenyewe. Asubuhi ile mtandao ulimtupa Shangazi nje. Mgonjwa mwingine akaingia, akajiita Bi Mkubwa, akamwuliza muuguzi kwa faragha juu ya kizunguzungu chake. Mtandao ukamtupa naye. Mchana Shangazi akarudi, akalikamata jina. Muuguzi akapata nafasi, akamjibu Bi Mkubwa. Na kanuni, ule mstari wangu mmoja mzuri, ikafanya nilivyoiagiza: ikapeleka kwa aliyepo.

Madaktari wanasema atapona. Wamelisema mara mbili kwa sababu niliuliza mara mbili.

Nikampigia Msanifu na kumweleza.

"Yule mwingine yuko wapi?" akauliza.

Mimi nilikuwa sijamfikiria kabisa yule mwingine.

Jumatano, 19 Machi

Tumekwenda kliniki mimi na Msanifu, tukalowa wote wawili. Muuguzi ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha foleni. Alishampata yule Bi Mkubwa wa pili. Mama huyo hakuona jibu lolote, akaendelea na vidonge, kizunguzungu kikamzidi, akaanguka jikoni kwake Jumamosi. Kifundo cha mkono kimevunjika.

"Niliandika jina sahihi," muuguzi akasema. "Nimesoma mara mia. Jina ni sahihi!"

"Hukukosea," Msanifu akamwambia. "Kosa ni letu. Tuliandika kanuni inayolichukua jina kuwa anwani. Wewe uliandika juu ya bahasha kile tulichokuambia uandike."

Nilingoja lile neno linalofuata. Alikuwa na haki nalo, na mimi nilikuwa nimekwisha inamisha kichwa kulipokea: *niliwaambia*. Halikuja. Kwenye ngazi halikuja, na njiani tukirudi, maji yakitiririka kwenye miwani yake, halikuja vilevile. Alinena kwamba hospitali ile ina viti vibaya, nimchukulie Shangazi mto.

Muuguzi amekifunga kikundi. "Nina wagonjwa mia mbili na kumi na wawili," katuambia mlangoni. "Kuanzia leo mwenye swali atapanda gari aje, na wapo wasioweza kupanda gari. Sikifungui mpaka mmoja wenu aje anitazame usoni aniambie jambo hili haliwezi kutokea tena. Usoni. Barua sitaki."

Alhamisi, 20 Machi

Msanifu ameandika kwenye baraza letu la mtandaoni, panaposomwa na kila anayetumia kanuni zetu, nchi kwa nchi. Ameeleza yote bila kumtaja mgonjwa. *Tulitunga*, ameandika, *tulikosea*, *tunawaomba msitumie sehemu ya vikundi kwa mambo ya afya mpaka tuirekebishe*. Kila mahali "sisi".

Nilikaa na maneno yake saa nzima. Kisha nikaandika chini yake: *Sehemu hii niliiandika mimi. Yeye aliipinga.*

Msanifu akasoma, akafuta miwani. "Haya," akasema, "leta kiti."

Jumatatu, 24 Machi

Shangazi karudi nyumbani. Kamtuma mke wangu ampelekee kitambaa, anataka gauni jipya la kuendea kliniki. Ni dalili nzuri.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimemwona Msanifu akifanya kazi kama sijawahi kumwona, au labda leo ndiyo nimetazama.

"Jina tuliache liwe jina," kasema. "Mtu alibadilishe kila siku akitaka, wawili waitwe sawa, si shida yetu. Lakini siku mtu anapoingia kikundini kwa mara ya kwanza, kikundi kimpe alama. Yake peke yake. Akitupwa nje na mtandao, akirudi anaikuta. Akihama moja kwa moja, alama ile inazikwa. Hapewi mtu mwingine, hata miaka kumi."

"Na kwa nini tusitumie namba yake halisi ya simu? Hiyo tayari ni yake."

"Ungependa watu mia mbili na kumi na wawili waipate namba ya shangazi yako?"

Akanisimulia mtaa mmoja wa posta yao ambao wapangaji walihama kila mwezi. Kuna mwanamke alihamia pale akijificha mumewe, na barua zake zilimfikia mwaka mzima bila jirani yeyote kujua anatoka wapi. "Tulijua sisi wa dirishani tu," kasema. "Tulinyamaza." Ameyasema hayo huku anachonga penseli, bila majivuno yoyote. Miaka kumi na tisa ya bahasha! Nami nilikuwa nikiicheka.

Jumatatu, 31 Machi

Kurasa kumi na moja za Msanifu zilitoka Ijumaa. Leo zimepigwa.

Aliyezipiga ni Sikio. Hatujawahi kuonana naye. Anaishi mbali, haoni, na kompyuta yake humsomea kila kitu kwa sauti. Ndiye msomaji mkali kuliko wote wa baraza. Msanifu alikuwa ameitengeneza alama kutokana na namba halisi ya mtu, kwa hesabu ya kuificha. Sikio akaandika mistari minne: hesabu ni ileile kila mahali, kwa hiyo alama ya mtu itakuwa ileile katika kila kikundi. Mtu akiiona kwenye kikundi cha wagonjwa, kesho akaiona kwenye kikundi cha kazini, atajua ni mtu yule yule. *Siri mmeifungia mlango wa mbele*, ameandika, *wa nyuma uko wazi.*

Nilimtazama Msanifu usoni. Kurasa kumi na moja, siku tisa, na mgeni asiyemjua, mbele ya watu wote. Akasoma mara mbili. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni hasa, akazichana karatasi zake nusu kwa nusu.

"Afadhali yeye kuligundua kosa kuliko mume wa mtu," kasema. Akamjibu Sikio barazani: *Umeona nisichokiona. Nianze upya, na wewe usome kabla ya wengine.*

Mimi Januari mtu akigusa mstari wangu nilikuwa silali.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua! Tumeanika zulia dirishani. Mwenye duka la rangi kapiga kelele kwamba linawadondokea wateja wake.

Jumanne, 8 Aprili

Sasa kila kikundi kinajitungia alama zake kwa bahati nasibu, herufi na namba zisizo na maana yoyote. Ukiiona hapa huwezi kuitambua pale. Sikio ameipitisha, lakini ametutumia na sauti ya kusikiliza.

Tukaifungua ofisini. Ilikuwa kompyuta yake ikimsomea maongezi ya majaribio: "Saba, te, mbili, mbili, ka, tisa, she, nne..." ikaendelea, ikaendelea, sekunde kumi na moja nzima, ndipo ikasema: "Sawa." Halafu ujumbe wa pili: "Saba, te, mbili, mbili..."

Mvunjaji alicheka mpaka akashika meza. "Na ukiwa na ujumbe hamsini?"

"Anakula chakula cha mchana akisubiri," nikasema.

Msanifu hakucheka safari hii. Aliisikiliza yote mpaka mwisho, akaifunga, kisha akaongeza sentensi moja kwenye kanuni: alama ni ya mashine, programu isimwonyeshe wala kumsomea mtu isipokuwa akiiomba. Kisha akampigia Sikio simu, akamwuliza jina la mtu lisomweje na likae wapi ili asichoke. Wakazungumza dakika arobaini. Amejaza kurasa mbili kwa penseli na mara nyingi amesema tu, "Mm. Endelea."

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imerudi na hasira. Tumebaki na fundo moja: simu za zamani. Zile hazijui alama, zinajua majina tu. Nilipendekeza tuziachie njia ya kale, zitume kwa jina kama mwanzo, maana watu watalalamika.

Msanifu hakubisha. "Amua wewe. Sehemu ni yako."

Hilo limenitisha kuliko kama angebisha. Nilikwenda kwa Shangazi kuangalia dawa zake, na simu yake ilikuwa mezani, ina ufa kioo kizima, ya zamani kuliko ndoa yangu. Nikaishika. Nikarudi ofisini, nikakifuta nilichoandika na kuandika hivi: *Ujumbe wa faragha uliotumwa kwa jina peke yake usipelekwe kwa yeyote. Urudishwe kwa mtumaji, aambiwe achague mtu.*

Msanifu akasoma juu ya bega langu.

"Watalalamika," nikamwambia.

"Watalalamika wakiwa wazima," kasema, akanipiga begani mara moja kwa penseli.

Jumanne, 22 Aprili

Mvunjaji ameunganisha simu arobaini mezani na kuchomoa waya wa mtandao mara mia tatu. Mara ya mia mbili na themanini na tano akapiga yowe la furaha. Mtambo wenyewe wa kikundi, ule unaogawa alama, ukizimika ghafla, ulikuwa unasahau alama zilizozikwa, na ungeweza kuzigawa upya.

Msanifu alimkumbatia. Alimkumbatia kweli, mbele yangu, kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto kufaulu. Tunahitaji siku mbili za kurekebisha: alama iandikwe mahali pa kudumu kabla mtu hajakaribishwa ndani.

Jumanne, 29 Aprili

Kura ya baraza imepita. Thelathini na mmoja wamekubali, wawili wamekataa, na wote wawili hao Msanifu amewaandikia kuwauliza kwa nini. Ukurasa wa mwisho ana mazoea ya kushukuru watu. Safari hii ameanza na *wagonjwa wawili walioumia kwa kosa letu*, kisha Sikio, kisha Mvunjaji. Kwenye watunzi ameweka jina langu mbele ya lake. Nikamwambia abadilishe. Akasema alfabeti ndiyo iliyopanga. Nimehesabu alfabeti mara tatu, na si kweli.

Jumanne, 6 Mei

Programu ya kliniki imebadilishwa. Nilimwambia Msanifu twende kwa muuguzi.

"Nenda wewe," kasema. "Alitaka mmoja."

Muuguzi alinisimamisha katikati ya chumba, wagonjwa wakitazama. "Haya. Nitazame useme."

Nikamtazama. "Ujumbe unaweza kuchelewa. Unaweza kukurudia, uambiwe mwenyewe hayupo. Mtandao utakatika, sina mamlaka juu ya mvua. Lakini kumfikia mtu mwingine kwa sababu wameitwa jina moja, hapana. Hilo tumeliondoa."

"Una uhakika?"

"Shangazi yangu yumo humo."

Alinikazia macho kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akabonyeza, na nikasikia simu mbili tatu zikilia kwenye mabenchi. Kikundi kimefunguliwa.

Jumamosi, 10 Mei

Shangazi ametualika kwake, mimi na mke wangu, na amesisitiza nije na "yule mama wa penseli". Msanifu alifika na mto wa kukalia kama zawadi.

Kwenye kochi, kando ya Shangazi, alikuwapo mwanamke mwenye plasta mkononi. Tangu hospitali wamekuwa wakipigiana simu, kumbe! Shangazi alimtafuta mwenyewe kumgombeza, wakaishia kulinganisha madaktari.

"Huyu ndiye Bi Mkubwa," Shangazi akasema.

"Na huyu naye," mgeni akajibu. "Kila mmoja kakataa kuliacha."

"Kwa hiyo sasa mko wawili humo, jina moja?" mke wangu akauliza.

"Jina moja, kikundi kimoja," Shangazi akasema. "Si mmesema inawezekana?"

Nikamtazama Msanifu. Alikuwa ameshavua miwani.

Mgeni alimwandikia muuguzi pale pale, kwa mkono mmoja, akiuliza kama dawa mpya anywe kabla au baada ya kula. Tukangoja. Simu mbili zilikuwa mezani, ubavu kwa ubavu, ile yenye ufa na ile nyingine. Mke wangu ambaye hataki habari za kazi yangu alikuwa ameshikilia kikombe hewani. Nje mvua ilikuwa ndogo, ya kumalizia.

Simu moja ikalia. Mgeni akaichukua na kusoma kwa sauti: "Bi Mkubwa, baada ya kula."

Shangazi akaichukua ya kwake, akaigeuza huku na huku, akaisogeza karibu na macho. Haikuwa na kitu.

"Si yangu," akasema, akairudisha mezani, akatumiminia chai.